Nani Amekuambia Sipigi?

"Jumamosi watu mia mbili watakuona ukikwama tena. Jihurumie. Baki nyumbani."

Vidole aliusoma ujumbe huo akiwa nyuma ya kaunta ya duka la dawa, vidonge vya mteja vikiwa nusu kwenye sahani ya kuhesabia, nusu bado ndani ya kopo. Namba ngeni. Haina jina, haina picha. Ulikuwa ujumbe wa nne wiki ile, na wiki yenyewe ndiyo kwanza ilikuwa imefika Jumanne.

"Dada, umefika ngapi?" mteja akauliza.

"Samahani mama, vimenipotea. Naanza upya."

"Anza upya mwanangu, usije ukaniua na presha yangu hii."

Akaanza upya. Tano, kumi, kumi na tano. Jina hilo la Vidole alipewa na marehemu mama yake, kwa sababu tangu utotoni hakuweza kukaa mezani bila kuigonga meza kwa vidole kama anayetafuta kitu ndani ya mbao. Likamganda mpaka ukubwani. Siku hiyo vidole vyenyewe vilikuwa vya baridi kama vya mtu aliyetoka kufua alfajiri.

Mteja alipoondoka, akampigia mumewe. Mumewe alikuwa mwalimu wa udereva, na simu zake za mchana siku zote zilikuwa na mtu wa tatu ndani.

"Ameandika tena," Vidole akasema.

"Nani? Klachi! Kanyaga klachi kwanza! Samahani mke wangu, huyu mzee ananipandisha juu ya ukingo. Enhe, nani ameandika?"

"Yule yule. Anasema nitakwama mbele ya watu."

"Mpuuze."

"Nampuuzaje wakati anajua nilikwama? Huyu si mtu baki. Huyu ananijua."

Injini ikazimika, mzee akasikika akiomba radhi.

"Mimi sipendi kumsingizia mtu," mumewe akasema taratibu. "Lakini siku ile jukwaani hukuwa peke yako. Nani alikuwa anakufunulia kurasa?"

"Fundi piano?"

"Mimi sijasema. Umesema wewe."

*

Siku hiyo wanayoisema ilikuwa imepita miaka minane. Vidole alikuwa mwanafunzi wa piano katika shule ya muziki ya mji wao, na ukumbi ulijaa hadi mlangoni. Alipiga vizuri mpaka katikati. Halafu mikono ikasimama. Akakaa pale, watu wakidhani ni mapumziko ya wimbo, kisha wakaelewa kuwa si mapumziko. Akainuka, akatoka kwa mlango wa nyuma, na tangu hapo hakupiga tena mbele ya mtu yeyote zaidi ya mumewe na ukuta wa sebule.

Mwanzoni mwa mwezi huo mwalimu wake wa zamani, mama mtu mzima mwenye macho yasiyosamehe noti hata moja, alikuja dukani kununua dawa ya kikohozi.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Ukumbi wetu umekarabatiwa, unafunguliwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa kumi alasiri. Na mimi nastaafu. Nataka uje umalizie wimbo wako."

"Mwalimu, mimi niliacha."

"Hukuacha. Ulikimbia. Mtu aliyeacha hagongi kaunta yake hivi," akasema, akimwonyesha vidole vyake mwenyewe. "Tena shule inatafuta mtu wa kufundisha watoto alasiri tatu kwa wiki. Simpi kazi hiyo mtu anayeogopa ukumbi. Atawarithisha woga."

Vidole alikubali kabla hajajua amekubali. Na siku kumi baadaye ujumbe wa kwanza ukaingia.

*

Jumatano walifanya mazoezi ukumbini, yeye na mwalimu tu. Alipofika katikati, pale pale, bega lake likapanda hadi karibu na sikio.

"Simama," mwalimu akasema. "Unaogopa nini?"

"Kupotea."

"Utapotea. Kila mpigaji hupotea. Ndiyo maana nimekugawia wimbo vituo saba. Anza kituo cha tano."

"Kutoka hewani tu?"

"Kutoka hewani. Sasa cha pili. Sasa cha saba. Ukipotea Jumamosi usirudi nyuma kutafuta ulichoangusha. Rukia kituo kinachofuata, uendelee kana kwamba ndivyo ulivyokusudia. Watu wengi hata hawatajua."

"Na moyo ukinienda mbio?"

"Uache uende. Moyo haupigi piano. Kabla ya kuingia, weka mikono kwenye maji ya uvuguvugu, toa pumzi ndefu kuliko uliyoivuta. Na kesho uwapigie watu watatu. Ijumaa, kumi. Woga ni kama mgeni, mwanangu: ukimkaribisha kidogo kidogo hakuvunjii mlango."

Alitoka pale akiwa mwepesi kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Hakufika hata getini. Simu ikatetemeka mkobani.

"Mazoezi hayatakusaidia. Utageuza shingo kumtafuta mama yako kama siku ile, na hutamwona. Kwa nini ujitese?"

Akakaa juu ya ukuta mfupi wa maegesho. Akausoma mara tatu.

Nyumbani alimwonyesha mumewe. Mume akausoma polepole, akatikisa kichwa, akamkumbatia.

"Huyu mtu ana roho mbaya," akasema. "Lakini fikiria. Nani aliyekuwa karibu kiasi cha kuona ulikogeuza shingo? Na nani alikuwa akikutaka kabla yangu?"

"Hakuwahi kunitamkia."

"Ndiyo hao hao wabaya. Asiyesema ndiye anayeweka kinyongo." Akamshika kidevu. "Kwani lazima upige? Mimi nakupenda hivi hivi ulivyo. Huna cha kumthibitishia mtu."

Maneno matamu. Lakini Vidole alilala nayo tumboni kama mtu aliyekula chakula ambacho hajui kilipikwa lini.

*

Alhamisi asubuhi fundi piano akaja na mkoba wake wa zana. Walisoma pamoja zamani. Yeye aligundua mapema kwamba masikio yake yalikuwa bora kuliko mikono yake, akawa mtu wa kukaza nyuzi za piano za wenzake. Ile ya sebuleni kwa Vidole, ambayo mama yake aliinunua kwa kushona sare za shule miaka sita, ilikuwa inamhitaji.

"Hodi dada! Nasikia kesho kutwa ndiyo siku."

"Ingia. Usifungue mkoba."

Fundi akabaki na mkono hewani. Vidole akamwekea simu mbele ya uso.

"Soma."

Akasoma. Uso ukabadilika.

"Nani huyu mpumbavu?"

"Nakuuliza wewe."

"Mimi?"

"Ulikuwa jukwaani. Ulikuwa umesimama hapa, mimi nimekaa hapa. Nani mwingine aliyeona?"

"Aliyeona nini, dada? Nilikuwa natazama karatasi. Kazi yangu ilikuwa kufunua kurasa, siyo kutazama shingo yako." Akaurudia ujumbe kwa macho. "Ulimtafuta mama? Miaka yote hii mimi nilidhani noti zilikutoka kichwani. Kila mtu alidhani hivyo. Hata mwalimu."

"Toka."

"Dada..."

"Nimesema toka!"

Fundi akachukua mkoba wake. Mlangoni akageuka.

"Mimi nimekukosea nini? Nikijua, nitaomba msamaha. Nisipojua, nitaomba hivi hivi?"

Akaenda zake. Vidole akafunga mlango, akakaa kwenye kiti cha piano akiupa mgongo ubao wa vitufe.

Kila mtu alidhani noti zilimtoka kichwani. Hata mwalimu.

Ni kweli. Hakuwahi kumweleza mtu. Mama yake alikuwa amezikwa wiki tatu kabla ya onyesho lile. Siku zote alikuwa akikaa mstari wa mbele, kiti cha pili, mkoba magotini. Katikati ya wimbo Vidole akakitupia jicho kile kiti, kwa mazoea tu, akakuta mtu asiyemjua anapiga miayo. Mikono ikafa hapo hapo.

Alilitamka jambo hilo mara moja tu. Kwenye ngazi za mlango wa nyuma, akilia, kwa kijana aliyekuwa dereva wa basi lililowaleta wageni, ambaye alimpa chupa ya maji na kitambaa chake. Kijana yule akamsikiliza mpaka giza likaingia. Mwaka uliofuata akamwoa.

"Hapana," Vidole akasema kwa sauti, ndani ya nyumba isiyo na mtu. "Hapana, hapana."

Akaenda kazini. Akahesabu vidonge, akakosea, akahesabu tena. Saa tisa alasiri akaitoa simu akaijibu ile namba kwa mara ya kwanza: "Umeshinda. Sipigi. Nimechoka." Hata yeye mwenyewe hakujua kama alikuwa anatega mtego au anajisalimisha. Hakumwambia mwenye duka, hakumwambia mwalimu. Saa kumi na moja alikuwa nyumbani.

Mumewe akaingia dakika chache baadaye, anapiga mluzi, tikiti maji kwapani.

"Pole na kazi, mke wangu!"

"Ahsante. Na wewe."

"Leo tikiti lilikuwa linaniita barabarani, nikasema hili la mama mwenye nyumba." Akachukua kisu, akakata kipande cha kwanza. "Unajua nilikuwa nafikiri? Jumamosi twende kwa dada yangu. Muda mrefu hatujamtembelea. Tukapumzishe akili."

"Jumamosi?"

"Ndiyo. Tuondoke asubuhi asubuhi." Akakata cha pili. "Ila mpigie mwalimu wako leo leo, usimweke roho juu. Apate muda wa kutafuta mpigaji mwingine."

Vidole alikuwa ameshika sahani. Akaiweka mezani bila kutoa sauti.

"Nani amekuambia sipigi?"

Kisu kikasimama katikati ya tikiti.

"Si... umesema wewe."

"Nimesema lini?"

"Asubuhi."

"Asubuhi umeondoka mimi niko bafuni."

"Basi nimeona usoni mwako. Mtu anamjua mkewe."

"Uso wangu umeuona sasa hivi. Tikiti umelinunua kabla." Sauti yake ilikuwa ya chini kabisa, nayo ilimwogopesha hata mwenyewe. "Neno hilo nimeliandika mara moja tu. Saa tisa. Kwa namba moja."

Akaitoa simu, akaibonyeza. Sekunde mbili. Tatu. Ndani ya mfuko wa shati la mumewe kitu kikaanza kutetemeka, zzz, zzz, kama nyuki ndani ya chupa.

Akaiacha iite mpaka ikakatika yenyewe.

"Laini mbili," Vidole akasema. "Mimi na fundi piano tulikuwa tunapishana mlangoni kama maadui, kumbe laini mbili."

"Nisikilize."

"Nakusikiliza. Nimekusikiliza miaka minane."

Mume akakaa. Maji ya tikiti yalikuwa yanamtiririka mkononi naye hana habari.

"Nilitaka tu uogope kidogo. Uahirishe."

"Kwa nini?"

"Unajua kazi yangu? Mtu anakuja anatetemeka, hajui hata kuwasha gari. Ananishika mkono, ananiita mwalimu, ananipigia simu Jumapili. Siku anapofaulu anashuka, hageuki hata kuaga." Akakisukuma kisu pembeni. "Nilikuokota kwenye ngazi zile ukiwa huna mtu. Nikajua huyu ananihitaji. Sasa unarudi ukumbini, utapata kazi kule, utakaa na watu wanaojua vitu nisivyovijua. Nikasema, na huyu atashuka."

"Hukuniokota," Vidole akasema. "Nilikuwa nimekaa. Nawe ukaja ukakaa."

"Nakupenda."

"Unanipenda nikilia. Sijui kama umewahi kujaribu kunipenda nikiwa nacheka." Machozi yakamjia, akayafuta kwa hasira. "Mama yangu! Ulimchukua mama yangu marehemu ukamfanya fimbo ya kunichapia. Ungekuwa na hawara ningejua pa kuelekeza hasira. Sasa mchawi ndiye anayenishika mkono nikilia!"

"Nisamehe."

"Jumamosi napiga. Usije ukumbini."

"Mke wangu..."

"Usiingie. Nikikuona nitatafuta huruma usoni mwako, na huruma yako ndiyo iliyonifikisha hapa."

Akafungasha nguo chache, akaenda kwa shangazi yake kabla jua halijazama. Tikiti likabaki mezani, limekatwa nusu.

*

Ijumaa alikwenda kwenye karakana ya fundi piano. Alimkuta kainama juu ya nyundo za piano moja kuukuu, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua.

"Kaka, nimekukosea."

"Naam. Umenikosea."

"Haikuwa wewe."

"Hilo mimi nililijua tangu mwanzo." Hakuinua uso. "Ni nani?"

Vidole akaitazama pete yake ya ndoa. Fundi akamtazama, akaelewa, akavua miwani.

"Aisee. Pole."

"Piano ya ukumbini ikoje?"

"Hiyo nimeiweka sawa jana, na hasira zangu zote. Imekaa vizuri ajabu. Ya nyumbani kwako itasubiri kidogo, bado sijatulia."

Vidole akacheka, mara ya kwanza wiki nzima.

"Kesho utanifunulia kurasa?"

"Ili nikishukiwa, nishukiwe vizuri? Nitakuja."

Jioni hiyo alimpigia wimbo shangazi yake na majirani wanane kwenye kinanda kidogo cha umeme alichoazima. Alikosea mara mbili. Shangazi hakuona. Jirani mmoja alisinzia. Hakuna aliyekufa.

*

Jumamosi saa kumi kasoro dakika tano alikuwa chumba cha nyuma, mikono ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu, moyo ukimdunda hadi masikioni. Mwalimu akasimama mlangoni.

"Unaogopa?"

"Ninaogopa."

"Vizuri. Futa mikono. Twende."

Ukumbi ulinuka rangi mpya. Watu walikuwa wengi kuliko mia mbili. Vidole alitembea hadi kwenye piano, na kabla ya kukaa akafanya jambo ambalo hakuwa amelipanga: akageuza shingo kwa makusudi, akakitazama kiti cha pili, mstari wa mbele. Alikaa mzee mmoja, kofia magotini. Mzee alidhani anasalimiwa, akainua mkono. Vidole akampungia. Basi. Mama hayupo. Vidole amejua mapema, hataambiwa katikati ya wimbo.

Akatoa pumzi ndefu. Akaanza.

Kituo cha kwanza kilipita kama maji. Cha pili, mkono wa kushoto ukawa mzito kidogo, ukafuata. Alipokaribia katikati, jasho likamwingia jichoni, kidole kikagusa kitufe cha jirani, na mara noti zikafutika kichwani zote, kama ubao uliopitishiwa kitambaa. Ukurasa ulikuwa mbele yake na hauna maana yoyote. Akasikia kimya kile kile kinakuja.

Akaruka. Kituo cha tano, kutoka hewani, kwa mikono yote miwili. Fundi piano hakuuliza; alifunua kurasa mbili kwa mpigo, fyaa, akarudisha mikono nyuma. Wimbo ukaendelea. Ukapanda, ukazunguka, ukashuka taratibu kituo cha saba, na noti ya mwisho ikaning'inia mpaka Vidole mwenyewe alipoamua kuiachia.

Makofi yakaanza na mzee wa kofia, yakasambaa nyuma, watu wakasimama. Mwalimu alikuwa analia bila kujificha.

"Umeniibia kituo kizima cha nne," akamnong'oneza alipomkumbatia.

"Watu wamejua?"

"Mimi tu. Jumatatu saa nane kuna watoto kumi na wawili wanakusubiri. Uje na subira."

*

Gari la mafunzo lilikuwa nje ya geti, upande wa pili wa barabara. Mumewe alikuwa ameegemea boneti, hajavuka hata mtaro.

"Sikuingia," akasema.

"Nimeona."

"Nimesikia makofi."

"Basi umesikia sehemu ndogo kuliko zote."

Akakubali kwa kichwa. "Turudi nyumbani?"

"Mimi narudi kwa shangazi. Na wewe usinifuate na maua wala na dada yako. Kuna mtu nilimfukuza kama mwizi kwa sababu yako. Anza na huyo."

Alianza na huyo. Jumatatu hiyo hiyo, fundi piano alimsimulia Vidole baadaye, mume alifika karakanani akasimama kama mwanafunzi aliyegonga gari la mwalimu, akasema yote, hata lile la mama, hata lile la laini mbili. Fundi hakumpa mkono. Wiki iliyofuata akarudi tena, na safari hiyo akapewa kiti. Kisha akaenda kwa mwalimu mstaafu, ambaye alimsikiliza dakika arobaini na kumjibu kwa sentensi moja: "Mwoga anayemwogopesha mwenzake ni mwoga mara mbili." Hayo nayo mume aliyaleta dukani, akiwa amepanga foleni nyuma ya wateja watatu, akamwambia Vidole neno kwa neno, bila kuyapunguza makali.

"Kwa nini unaniambia?"

"Kwa sababu sitaki ujue kwa namba nyingine."

Vidole alimpa mteja aliyefuata dawa yake. Lakini jioni ile shangazi alimwona akigonga gonga meza.

Ilimchukua Vidole miezi miwili na nusu kuamua kwenda kumwona. Shangazi alikuwa na yake ya kusema, "Mtu akikutilia sumu mara moja, chakula chake kionjwe maisha yote," naye Vidole hakubisha, maana ni kweli. Alichokuwa nacho ni hiki tu: kwamba mume hakuomba tena arudi, hakumsingizia shetani, na kwamba yeye mwenyewe sasa angeweza kurudi na angeweza kutorudi, na kote kuwili asingezama.

Alasiri moja baada ya darasa la watoto akaenda nyumbani kwao, akiwa amempigia mumewe kumwambia anakuja. Alimkuta amekaa sebuleni peke yake, amevaa shati la kutokea, mikono magotini, hajui pa kuiweka.

"Unaogopa?" Vidole akauliza kutoka mlangoni.

"Sana."

"Hata mimi." Akaweka mkoba chini, akavuta kiti, akakaa mbele yake. "Tuongee hivyo hivyo."